Kadi Inayojua Upepo Unatoka Wapi

Kadi nyingi za sikukuu zenye picha ya bahari hazijui upepo unatoka wapi. Mnazi umeinamia kulia, tanga limetuna kushoto, bendera inapepea kivyake na wimbi linakuja na habari zake. Mtu wa bara, hilo halimkeri. Mtu wa pwani akiishika kadi ile anahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama hawezi kukitaja, na kadi inaishia juu ya kabati pamoja na nyingine za miaka iliyopita.

Pangani yupo mwalimu mstaafu wa sanaa anayechapa kadi za Idi kwa mkono, na kwenye kadi zake upepo ni mmoja. Mtaani wanamwita Mwalimu tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Ukiitazama juu juu, kazi yake ni kitu kidogo: kipande cha manila kilichokunjwa, ngalawa moja iliyotweka tanga, minazi mitatu, ukanda wa mchanga, pindo la kuzunguka na maneno ya heri chini. Hana mashine. Ana mihuri aliyoichonga mwenyewe, rola moja ya mpira, kipande cha kioo cha dirisha, kijiko cha mezani, na meza inayopata mwanga wa asubuhi. Nimekaa sana pembeni ya meza ile, na karibu kila mara nimeondoka na elimu ya bahari zaidi ya elimu ya kadi.

Tuanze na huo upepo. Ukisimama ufukweni Pangani ukaitazama bahari, umeelekea mashariki, na kusini iko mkono wako wa kulia. Kwa hiyo upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili au Mei hadi kama Septemba, unaingia kwenye picha kutoka kulia. Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, unaingia kutoka kushoto. Kadi ya Krismasi au ya mwaka mpya haina shida, kwani siku zake hazihami, na upepo wake ni kaskazi miaka nenda miaka rudi. Idi ndiyo yenye kazi. Inafuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2018 Idi ya Fitri iliangukia katikati ya Juni, kusi ikiwa imepamba moto. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili, wakati upepo wenyewe haujaamua. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, na kufikia 2030 itakuwa Februari, ndani kabisa ya kaskazi. Mwalimu ana mihuri miwili ya ngalawa, mmoja kwa kila upepo, na ule wa kusi ameshaufunga kwenye gazeti na kuuweka mvunguni mpaka zamu yake irudi.

Nilimuuliza kama kuna mteja hata mmoja aliyewahi kuligundua hilo.

"Mteja hana haja ya kuligundua," alisema. "Yeye anatakiwa asikwazike."

Muhuri, kama ajuavyo kila aliyewahi kuukagua wa ofisini, huchongwa kinyume. Anayetaka ngalawa iende kushoto kwenye kadi lazima aichonge ikienda kulia. Kulifikiria hilo mfululizo kwa saa nzima kunachosha kichwa, na Mwalimu halifikirii kabisa. Anachora picha yake sawasawa, kwa penseli laini, juu ya karatasi nyepesi. Kisha anaigeuza karatasi kifudifudi juu ya kibao, anasugua mgongoni kwa kijiko, na risasi ya penseli inahamia kwenye kibao ikiwa kinyume. Akichonga alichokiona pale, kadi itatoka sawa. Penseli ngumu haifai, haiachi kitu. Ile laini yenye kuchafua vidole ndiyo yenyewe.

Muhuri mkuu, wa ngalawa na minazi, ameuchonga kwenye linoleamu. Hii ni ile ya kutandika sakafuni. Mwingereza Frederick Walton ndiye aliyeitengeneza miaka ya 1860: mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yakagandishwa na hewa, yakachanganywa na unga wa gome linalotengenezewa vizibo, kisha yakashindiliwa juu ya kitambaa cha nyuzi za gunia. Alikuwa anatafuta zulia linalopigwa deki. Hakuwaza kwamba wachoraji wangeiona sakafu ile ikikatika vizuri kwa kisu, haina nyuzi za kukipeleka kisu kusikotakiwa kama ubao. Huko London miaka ya 1920 Claude Flight aliifundisha kwa bidii kama sanaa ya watu wasio na fedha, na miongoni mwa zana alizozipendekeza ni ubavu wa mwavuli mbovu ulionolewa. Mwalimu anao wa kwake. Ule waya una mfereji ndani. Ukikatwa mshazari, ukanolewa kwenye jiwe lenye mafuta na kupigiliwa kwenye kipini cha kijiti, unakuwa bobari, patasi ya kuchimbia mifereji, nyembamba kuliko yoyote inayouzwa dukani. Sijui nani alimfunza nani, na huenda hakuna aliyefunzwa: mwavuli ukivunjika mkononi mwa mtu mwenye haja ya bobari, jibu linajitokeza lenyewe.

Kabla ya kuchonga anaiweka linoleamu juani kwa muda mfupi. Ikipoa inakuwa ngumu na kumeguka; ikipata joto inakubali, na kisu kinatoa uzi mmoja mrefu badala ya makombo. Mkono wa kushoto hauvuki mbele ya makali hata mara moja. Mkono wa kulia wenyewe hauendi mbali, kwani kinachozunguka ni kibao. Ukimwangalia akichonga mkunjo wa omo, mbele ya chombo, unaona kisu kimetulia palepale na ngalawa ndiyo inayogeuka taratibu chini yake.

Foromali, mti unaobeba tanga, huja kwanza. Ni mstari mmoja tu wa mshazari, mnene kama milimita moja, unaobaki umesimama baada ya pande zake zote mbili kuchimbwa. Kingo za mstari ule anazilaza kwa nje, pana chini na nyembamba juu, kwa sababu ukingo uliochimbwa kwa kuingia ndani utabonyea siku ya kuchapa na mstari utakatika. Baada ya foromali inakuja demani, kamba inayoishika pembe ya nyuma ya tanga, nyembamba zaidi. Kisha mirengu, miti inayotoka ubavuni, na matengo, mbao zinazoelea mwishoni mwake. Hapa nilimwona akisita kwa muda, akageuza kibao, akakirudisha. Ngalawa inayokwenda na upepo wa ubavuni haikai sawa: tengo la upande unakotoka upepo linainuka kidogo, na la upande wa pili linazama. Tofauti hiyo kwenye kadi ni milimita mbili, pengine pungufu. Akaichonga. Nahodha aliyeketi tezi, nyuma ya chombo, ni nukta moja na mkato mmoja, lakini mkato ule umeegemea upande wa tengo lililoinuka, kama anavyoegemea mtu anayekisawazisha chombo.

Minazi ni mtego ambao wachoraji wengi wanauingia. Mnazi wa ufukweni huinamisha shina kuelekea baharini, kufuata mwanga. Hilo ni jambo la miaka mingi na halibadiliki. Upepo wa leo unaamua makuti tu. Kwa hiyo kwenye kadi shina lina mwelekeo wake na makuti yana mwelekeo wake, na ukiviona viwili hivi vikielekea mahali pamoja katika kila mnazi, jua mchoraji alitazama picha, hakutazama mnazi.

Anga ina muhuri wake peke yake, na huu hautoki kwenye linoleamu. Ni kipande cha tyubu ya gari kilichobandikwa kwenye ubao mwembamba kwa gundi ya fundi viatu. Tyubu ni laini na inatoa rangi iliyotanda bila doa, na anga ya jioni tulivu ndivyo ilivyo. Katikati ya tyubu amekata nafasi ya pembetatu yenye upande mmoja wa mviringo. Nafasi ile ndiyo tanga. Tanga lake, maana yake, halijachapwa kabisa: ni weupe wa manila uliozungukwa na anga, na foromali ya muhuri wa ngalawa inakuja kulishika kwa juu. Hapo ndipo pa kumpimia fundi. Muhuri wa ngalawa ukikosea kwa milimita moja, tanga linaachana na foromali yake, na ngalawa nzima inaonekana imevunjika.

Mchanga anauchapa kwa kandambili. Soli ya sponji ina vitundu vidogo visivyohesabika, na kila kitundu kisichoshika wino kinaacha chembe nyeupe. Ndiyo maana mchanga wake una punje, wala hauonekani kama rangi iliyopakwa. Lakini si kandambili yoyote. Anataka iliyovaliwa mpaka ikachoka, kwa sababu mahali kisigino kilipokanyaga miaka miwili mitatu, vitundu vimebanwa na chapa yake inatoka nzito na laini. Pale katikati ya wayo, ambapo mguu haugusi sana, vitundu bado viko wazi na chapa inatoka na punje. Sehemu ya kisigino anaielekeza majini, iwe mchanga uliolowa. Sehemu ya katikati anaileta upande wa nchi kavu. Muhuri mmoja, wino mmoja, na mchanga wa aina mbili. Nilipoligundua hilo nilicheka kwa furaha, naye akanitazama kama mtu aliyechelewa. Malighafi haikosekani, bahari yenyewe inaileta: ndala zinazosukumwa ufukweni mwetu ni nyingi kiasi kwamba Kenya ipo karakana, Ocean Sole, inayozigeuza kuwa sanamu za tembo na twiga.

Na bahari? Bahari haina muhuri. Kati ya anga na mchanga amebakiza ukanda wa manila tupu, na ndani yake mna mikato michache ya wino kutoka kwenye muhuri wa ngalawa: mmoja mrefu wa upeo, kadhaa mifupi karibu na matengo. Basi. Jicho la mtazamaji linajaza maji lenyewe. Wajapani walilijua hili vizuri kabla yetu. Katika lile wimbi kubwa la Hokusai, la kama mwaka 1831, lililochapwa kwa vibao vya mcheri, povu ni karatasi iliyoachwa bila rangi, na buluu yote ile kali ipo kwa ajili ya kuulinda weupe huo. Lakini Hokusai alitaka bahari ya kutisha. Ya kwetu kwa sehemu kubwa ina mwamba unaoyavunja mawimbi kule mbali, na yanayofika ufukweni yamekwisha nguvu. Ndiyo maana Mwalimu anauweka mkwaruzo wa mawimbi juu, karibu na upeo, na maji ya karibu anayaacha yametulia. Kadi zinazoonyesha mawimbi yakirundikana miguuni mwa minazi zimechorwa kwa bahari ya watu wengine.

Ukanda wa mchanga kwenye kadi yake ni mwembamba, na nilidhani ni kwa sababu ya nafasi. Siyo. Idi inaingia na mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo ni bamvua, maji makubwa. Siku za bamvua pwani hii maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kama saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Kadi yake ni ya jioni ya mwisho ya Ramadhani. Saa kumi, maji yamejaa, mchanga umebaki kidogo. Jua liko magharibi, nyuma ya mgongo wa anayetazama, kwa hiyo vivuli vya minazi vinalala kuelekea baharini. Vivuli vile ni mikato mitatu, mifupi. Anasema aliwahi pia kuchonga kadi ya asubuhi ya Idi yenyewe, saa nne, maji yamekimbia, ngalawa zimekaa mchangani zikiegemea matengo yake na watoto wamevaa nguo mpya. Aliipenda kuliko zote na haikununuliwa. Watu wanataka tanga.

Sasa mwezi. Hapa ndipo nilipoacha kumwona Mwalimu kama mtu wa kadi tu. Kadi za dukani, na picha tunazotumiana kwenye simu usiku ule, zina mwezi mwandamo juu ya bahari. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama. Kwa mtu wa Mji Mkongwe, Unguja, anayeitazama bahari kutoka Forodhani, hilo ni sawa kabisa, maana bahari yake iko magharibi, na haki yake apewe. Kwa mtu wa Pangani, wa Dar es Salaam au wa Mombasa, bahari iko mashariki. Mwezi ule hauwezi kuwa juu yake hata kwa bahati. Mwalimu angeweza kufumba macho, kama tunavyofumba sote. Badala yake ameuchapa mwezi ndani ya kadi. Nje ni bahari, mashariki, saa kumi. Ukiifungua kadi umegeuka, bahari umeipa mgongo, na mbele yako kuna paa za mabati, kilele cha mnara, mnazi mmoja wa bondeni, na mwezi juu yake. Ndicho watu wanachofanya jioni ile: wanatoka ufukweni na kuelekea upande wa pili, vichwa juu.

Na mwezi wenyewe umelala chali. Sehemu yake inayong'aa siku zote huelekea lilikozama jua, na kwa sisi tulio karibu na ikweta jua huzama karibu wima, kwa hiyo mwezi mchanga huonekana pembe zake zikiwa juu. Ule uliosimama wima, mgongo ukiwa ubavuni, ni wa nchi za mbali na ikweta, na ndio uliojaa kwenye mihuri ya kununua.

Karatasi nitaipitia haraka. Manila ya A4 anaikata katikati na kukunja kila nusu, apate kadi ya milimita 105 kwa 148 inayoingia kwenye bahasha ya kawaida ya C6 bila kulazimishwa. Kabla ya kukata anaipinda kidogo huku na huku kuona upande unaokubali, kwani nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja. Kunjo linalofuata nyuzi linakaa, linalozikata linapasuka na kuonyesha tumbo jeupe. Mkunjo anauchora kwanza kwa kalamu iliyokwisha wino. Na hachapi siku ya mvua, kwa sababu manila iliyokunywa unyevu wa pwani inapinda yenyewe na muhuri haulali.

Wino ni jambo la sikio. Anatumia wino mzito wa mafuta wa kuchapia, siyo ule mwepesi wa pedi za ofisini, kwa kuwa wa pedi unakimbilia kwenye mistari iliyochimbwa na kuijaza. Anauweka kiasi cha punje ya haragwe kwenye kioo, kisha anapeleka rola mbele na kuirudisha, mbele na kuirudisha, akiiinua kila mwisho wa safari ili izunguke na isigawe wino mahali pamoja. Mwanzoni wino uko kimya na unateleza. Baadaye unaanza kulia, mchakacho mwembamba kama maandazi yanayosikika yakikaangwa nyumba ya pili. Mchakacho ukiwa mnene, wino umezidi, ukitoweka, umepungua. Mwalimu anaweza kuzungumza nawe habari za bei ya samaki na mkono wake ukasimama katikati ya sentensi kwa sababu sauti imefika. Kisha rola inapita juu ya muhuri mara chache, nyepesi, bila kukandamiza, na foromali inang'aa.

Kuchapa kwenyewe ni kufupi. Mezani kuna pembe ya kadibodi iliyogandishwa kwa gundi: kadi inasukumwa kwenye pembe ile, na kila muhuri una pembe yake inayokutana nayo, kwa hiyo tanga na foromali zinakutana bila kubahatisha. Anga kwanza, kwa sababu ni hafifu. Mchanga wa pili. Kisha kadi zinaanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo mpaka zikauke, na hewa ya chumvi haina haraka. Wino mweusi wenye buluu ndani yake ndio wa mwisho. Kwa muhuri wa ngalawa habonyezi muhuri juu ya kadi. Anaulaza muhuri chali, anaishusha kadi juu yake, na kusugua mgongo wa kadi kwa mgongo wa kijiko, mizunguko midogo midogo, akikaa zaidi pale penye demani. Halafu anaibandua kutoka pembe moja, polepole, na karatasi inaachia kwa sauti ndogo ya kunata. Akiinua nusu anaweza kuchungulia. Penye upungufu anairudisha kadi chini na kusugua tena, nayo inaanguka palepale kwa sababu nusu ya pili haijaachia. Mashine haina nafasi hiyo ya kuchungulia.

Mpangilio wa kadi ameuchukua kwenye kanga, na sioni haja ya kuutafuta kwingine: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Pindo ni korosho moja ndogo iliyochongwa kwenye kifutio cha mwanafunzi na kugongwa tena na tena. Anaanza katikati ya kila upande na kuelekea kona, kamwe si kona kwenda kona, ili kama kuna nafasi ya kubanwa au kuachiwa ibanwe sawa pande zote. Jina ni IDI MUBARAK, kwa herufi kubwa. Kuna siri ndogo katika herufi zile. I, M, U na A hazibadiliki zikigeuzwa, kwa hiyo kati ya herufi kumi ni nne tu zinazoweza kukusaliti: D, B, R na K. Anazichonga nne hizo kwanza, asubuhi, akili ikiwa safi, na sita zilizobaki hata akiongea na wageni.

Kadi moja bei yake inazidi ya soda mbili, na wapo wanaoguna. Si jambo geni. Kadi ya Krismasi ya biashara inayotajwa kuwa ya kwanza, ile ya Henry Cole wa London ya mwaka 1843, iliyochorwa na John Callcott Horsley, ilichapishwa nakala kama 1,000, ikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa shilingi nzima ya Kiingereza kwa kadi moja, bei iliyowazidi wafanyakazi wa kawaida. Mwalimu habishani na anayeguna. Anazo zile zenye kasoro ndogo, ya doa la kidole au upeo uliofifia, ambazo hazitii kwenye bahasha. Hizo huwapa watoto wanaokuja kwa kutumwa.

Kilichomshinda ni nyota. Kwa mwezi anaouchapa yeye, nyota katikati ya pembe haiwezekani. Mahali pale pana mwili wa mwezi wenyewe, ule upande wa giza, na nyota haipiti mbele ya mwezi. Mwaka hadi mwaka amelieleza hilo kwa upole wa mwalimu. Siku moja nilikuwepo alipoingia mama mmoja wa Bweni, ng'ambo ya mto, akaifungua kadi, akaitazama ndani, akaigeuza nje, akaifungua tena.

"Shikamoo Mwalimu. Kadi nzuri, lakini mwezi wake mbona hauna nyota?"

"Marahaba, mama. Nyota imo kwenye kopo hapo."

Ndani ya kopo la maziwa ya unga kulikuwa na muhuri mdogo wa kifutio na pedi ya wino ya ofisini, ile ile asiyoipenda. Mama aliutoa, akaugonga mara moja katikati ya pembe, akarudisha muhuri, akaridhika, akaomba nyingine tano na kuzigonga zote kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu alihesabu chenji bila kuangalia. Muhuri ule umeshachongwa upya mara kadhaa, maana ncha zake zinachakaa upesi kuliko za muhuri mwingine wowote wa nyumba ile.